Waliopita katikati ya ndama

Kila ninapofundisha hukumu ya Mungu katika Agano la Kale, swali huja lile lile: mbona Mungu huyu ana hasira hivi? Siku hizi sikimbilii kujibu. Nawafungulia Yeremia 34, tunasoma taratibu, kisha naomba kila mmoja aisikilize sura hiyo kwa masikio ya mjakazi aliyekuwa akitumika katika nyumba mojawapo ya Yerusalemu.

Mji umezingirwa. Jeshi la Nebukadreza, mfalme wa Babeli, limeshaimaliza karibu miji yote ya Yuda yenye ngome; imebaki Lakishi na Azeka. (Mwaka 1935 wachimbaji wa mambo ya kale walikuta Lakishi vigae vilivyoandikwa barua za kijeshi. Katika kimoja, askari anaeleza kuwa wanatazamia ishara za moto za Lakishi kwa maana Azeka haionekani. Nikisoma hapo mwili hunisisimka.) Katika kubanwa huko mfalme Sedekia anafanya agano na watu wote: kila mwenye mtumwa Mwebrania, mwanamume au mwanamke, amwache huru.

Halikuwa jambo geni. Torati ilikwisha kuagiza kwamba Mwebrania aliyeuzwa atumike miaka 6, na wa 7 atoke huru. Kumbukumbu la Torati 15 inaongeza kwamba asitoke mikono mitupu, bali apewe katika kondoo wa bwana wake, nafaka yake na divai yake. Baba zao hawakulitii agizo hilo, na Mungu anawaambia hivyo waziwazi kwa kinywa cha Yeremia. Sasa wana wao wametii. Wamefanya agano ndani ya hekalu, wamempasua ndama vipande viwili, na wakuu, matowashi, makuhani na watu wa nchi wamepita katikati yake. Ukipita pale umejilaani mwenyewe: nikivunja neno langu, na yanipate yaliyompata mnyama huyu. Mkataba wa Kiaramu wa Sefire, wa karne ya 8 kabla ya Kristo, unataja kiapo cha namna hiyo hiyo, na mnyama wake ni ndama vilevile.

Kisha jeshi la Farao likatoka Misri. Wakaldayo, yaani hao watu wa Babeli, waliposikia, wakauacha mji. Malango yakafunguliwa, watu wakapumua. Na wale waliokula kiapo wakaenda kuwachukua tena watumwa wao.

Hapo ndipo ninapokaa muda mrefu. Maandiko yanasema watu hao walikuwa wameachwa waende wapendako. Yupo mwanamke, basi, aliyekwisha kufunga mzigo wake, pengine amefika kwa ndugu zake, akalala usiku ambao hakuna wa kumwamsha akasage unga. Halafu mlango unagongwa. Aliyesimama nje ni yule yule aliyemtaja Mungu hekaluni. Amlilie nani? Mfalme ndiye aliyelifanya agano, na makuhani nao walipita katikati ya ndama. Hakuna baraza lililobaki la kumsikiliza katika Yerusalemu yote.

Mungu akanena. Hamkutangaza uhuru kwa ndugu zenu. Mimi nawatangazia ninyi uhuru, wa kuendea upanga, tauni na njaa. Waliopita katikati ya ndama watatiwa mikononi mwa adui, na mizoga yao italiwa na ndege. Maneno makali, lakini hukumu ile walikuwa wameshajisomea wenyewe siku walipopita pale. Kwa yule mjakazi, hii ndiyo habari ya kwanza kwamba kuna aliyeona. Mungu asiyehukumu hapa angekuwa amelitupa agano lake mwenyewe, maana alilifunga na watu aliowatoa katika nyumba ya utumwa. Sasa nyumba ya utumwa imehamia Yerusalemu, tena wakati jeshi la Farao likija kuwasaidia.

Soma hilo pamoja na Mwanzo 15. Abramu anapasua wanyama, ndege wanashuka juu ya mizoga, naye anawafukuza. Jua likizama analala usingizi mzito. Kinachopita kati ya vipande ni tanuru ya moshi na mwenge wa moto, wala Abramu haambiwi apite. Mungu anajifunga peke yake. Na ndani ya agano hilo hilo anaahidi kwamba taifa litakalowatumikisha wazao wa Abramu atalihukumu. Ndiyo maana sikubali tunapofundisha uaminifu wa Mungu Jumapili moja na hukumu yake Jumapili nyingine, kana kwamba ni tabia mbili zinazogombana.

Sitaki kuifanya hadithi hii iwe nyepesi. Wakaldayo walirudi, mji ukaanguka mwaka 587 au 586 kabla ya Kristo, na njaa ya kuzingirwa haikuchagua nyumba. Maombolezo 2 ina watoto wanaowauliza mama zao nafaka na divai iko wapi, huku wakizimia mapajani mwao. Watoto hao hawakupita katikati ya ndama yeyote. Anayefundisha hukumu akairuka sura hiyo hajafundisha.

Kitabu cha Yeremia hakikupangwa kwa mfuatano wa matukio, kwa hiyo baada ya 34 nenda 37. Katika nafasi ile ile mji ulipopumua, nabii anatoka kwenda nchi ya Benyamini kwa ajili ya sehemu yake ya urithi, naye anakamatwa langoni kwa kudhaniwa anawakimbilia Wakaldayo. Kisha rudi 32: akiwa kifungoni ananunua shamba la Anathothi kwa Hanameli, binamu yake, kwa shekeli 17 za fedha, na Baruku, mwandishi wake, anaagizwa aitie hati katika chombo cha udongo ikae siku nyingi. Malizia 39, mstari wa 10, ambao wengi huupita haraka. Mji umeshateketezwa, wakuu wamekwisha kuuawa au wanapelekwa Babeli, na Nebuzaradani, amiri wa walinzi, anawaacha katika nchi ya Yuda maskini wasiokuwa na kitu. Siku hiyo hiyo anawapa mashamba ya mizabibu na makonde.