Handaki za Bhor Ghat

Julai 2008, mwaka wangu wa kwanza chuoni Pune, India, nilipanda treni Mumbai kwenda Pune siku ya mvua isiyokatika. Pale stesheni niliwasikia watu wakisema "rel gaadi", na mimi mtoto wa Voi nikasikia gari la reli, lile lile alilolitumikia babu yangu ujana wake wote.

Tuliposimama Karjat, chini ya mlima wa Bhor Ghat, injini za kusukuma zikafungwa nyuma ya behewa la mwisho. Mzee aliyeketi mbele yangu, mstaafu wa reli, akaninunulia dirishani vada pav, mkate wenye kiazi cha kukaanga ndani, ya moto, pilipili ya kutoa machozi. Nilimwita anko, kama vijana wa kule wamwitavyo kila mtu mzima. Yeye aliniita beta, mwanangu.

"Sasa mlima," akasema.

Tukaingia handaki la kwanza, giza totoro. Tulipotoka, maporomoko ya maji yakatunyunyizia uso, kisha giza tena. Mwamba ulipita karibu na dirisha, mweusi, unachuruzika maji. Watu waliutoboa kwa mitaimbo na baruti kuanzia 1856 hadi 1863, alinieleza, wengine wakining'inizwa gengeni kwa kamba. Maelfu walikufa, kwa ajali na kwa kipindupindu. Katika ukoo wake alikuwepo mwanamke aliyebeba kifusi kichwani hapo hapo.

"Na wenye hisa kule Uingereza?" nikauliza.

Akanyoosha vidole vitano. Serikali ilizidhamini kampuni za reli faida ya asilimia 5 kwa mwaka. Mapato yasipofika hapo, pengo lilizibwa kwa kodi za Wahindi wenyewe. Mkono ule ulibaki juu mpaka handaki likatumeza, na hasira niliyoisikia siku ile ninayo bado.

Nami nikamsimulia ya kwetu: tangu 1896 Waingereza walileta vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India kujenga reli ya Mombasa, karibu 2,500 wakafia kazini. Hata ule upana wa mita moja ulikuwa umetumika India kwanza. Akanyamaza kitambo.

Lonavala alinunua chikki, nayo ni kashata ya karanga hasa. Akaivunja, kipande akanipa, kingine akakifunga kwenye gazeti. "Cha babu yako."

Desemba nilikifikisha Voi. Babu alikipokea kwa mikono miwili, na kabla hajakifungua akauliza: injini za nyuma zilikuwa ngapi?