Majibu ya mama mkubwa

Majibu ya ule uvimbe wa mdomoni mwa mama mkubwa yametoka leo, si kansa, Mungu asifiwe. Nimesoma ile karatasi palepale kwenye koridoo ya laboratuari nikairudia tena, halafu nikampigia mama, machozi yakanibana koo hadi akadhani ni habari mbaya.

Wameandika adenoma pleomofiki, yaani uvimbe wa tezi za mate ambao si kansa. Dokta ametueleza kwamba mate hayatoki tu kwenye tezi kubwa za karibu na masikio na chini ya taya, mdomoni mwote mna vitezi vidogo vidogo, mamia, kwenye midomo, mashavu, hadi huku juu kwenye kaakaa, na uvimbe unaweza kuota kwenye chochote kati yao. Huu wake mara nyingi unakamata tezi ya karibu na sikio, mdomoni ni nadra, na ukija mdomoni basi kaakaa ndiyo unayopenda zaidi.

Yaani miaka yote mama mkubwa anaishi na kile kinundu, kigumu ukikigusa na ulimi, hakiumi, kinakua polepole mno, na huku kwetu Kadutu kila aliyemwonyesha anamwambia kama hakiumi hakina neno mama, acha. Hii inanikasirisha kabisa! Ju uvimbe wa vitezi vya mdomoni unaweza kuwa mbaya, tena mara nyingi kuliko ule wa tezi ya sikioni, na mbaya nao unaweza kukaa kimya bila maumivu, kwa macho tu hakuna anayejua. Na hata huu wa kawaida ukiachwa miaka mingi unaweza kugeuka kansa.

Biopsi ya mwanzo, pale walipokata kipande cha uvimbe kukipima, ilitupa matumaini, lakini kipande kidogo hakisemi yote, njo maana tulisubiri majibu ya uvimbe mzima. Wakati wa operesheni wameutoa pamoja na nyama kidogo ya pembeni, ju ukikamuliwa wenyewe tu unaacha mabaki na yanaota tena. Atakuwa anarudi kuangaliwa, miaka kabisa.

Kidonda hawakukishona, kinajifunga pole pole chenyewe. Uji wa vuguvugu, kusukutua maji ya chumvi, pilipili hapana, sambaza za kukaanga, wale samaki wadogo, hapana. Jumapili anataka kurudi kwaya, nimemwambia mama mkubwa subiri kwanza dokta aangalie kidonda, sasa amenuna hataki hata kunisemesha.