Kutoka kitandani hadi jiwe la Bismarck

Figo zangu hazifanyi kazi, kwa hiyo nasafishwa damu mara 3 kwa wiki, kila mara kama saa 4 kwenye mashine. Mwaka wa kwanza nilikuwa nikirudi nyumbani Kirumba, hapa Mwanza, najitupa kitandani hadi kesho yake. Mwili ulichoka, sawa, ila kilichonimaliza ni moyo. Simu sipokei, wageni siwataki, hata sato wa mke wangu nilimwacha apoe.

Nesi mmoja akaniuliza, "Baba, siku zisizo za mashine unafanya nini?" Nikakosa jibu.

Daktari aliporidhia, nilianza na dakika 5: mlangoni hadi kwa mama muuza dagaa, basi. Natembea asubuhi kabla jua halijawaka, maana nikitoka jasho nitatamani maji, na maji yangu yanapimwa kwa kikombe. Mkono wenye fistula, yaani mshipa uliounganishwa kwa ajili ya sindano za mashine, siubebeshi ndoo. Nikibanwa kifua au kizunguzungu kikinijia, naacha papo hapo.

Mwezi wa tatu wa kutembea nilifika hadi jiwe la Bismarck, lile mwamba maarufu wa Ziwa Victoria. Nilikaa nikitazama mawimbi yakilamba mawe, nikarudi kwa bodaboda. Sikuona haya. Usiku huo nililala bila kuhesabu mabati.

Kwenye mashine nako nakunja na kunyoosha magoti saa 2 za mwanzo, kwa sababu baadaye presha hupenda kushuka. Mzee wa kitanda cha pili alinicheka wiki nzima. Sasa tunahesabu pamoja kwa Kisukuma, na anayekosea anaanza upya.