Siku moja maishani mwangu: kutafuta draiva ya waifai, Chake Chake

Saa 2:00 asubuhi

Duka langu la ufundi wa kompyuta liko Chake Chake, Pemba, na kazi inayoniletea wateja wengi kuliko nyingine ni ya laptopu zilizopoteza waifai baada ya kuwekewa Windows upya. Tangu Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida ya Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, wanaotaka kuhamia Windows 11 wamezidi, na wengi wao huhamishwa na jamaa au rafiki mwenye flashi, kisha hufika kwangu wakiamini kwamba kadi ya waifai, kile kipande cha ndani kinachoshika mtandao, imekufa. Mara nyingi kadi ni nzima kabisa. Kilichokosekana ni draiva, yaani programu inayouwezesha mfumo kuizungumzisha kadi hiyo. Windows huja na akiba yake ya draiva, lakini kadi nyingine hazimo katika akiba hiyo, na hapo mtu hukwama pande zote mbili: draiva iko kwenye intaneti, na intaneti haifikiki bila draiva.

Mteja wa kwanza leo ni maalim wa skuli moja ya Wete, ambaye ameondoka kwake mapema ili awahi kurudi kujaza maksi za wanafunzi wake. Baada ya salamu na kuulizana hali za nyumbani, aliweka laptopu mezani na kunieleza kwa utaratibu.

"Fundi, nimeandika jina la laptopu hii kwenye simu, nikapakua draiva ya waifai kutoka ukurasa wa kampuni yenyewe, nikaihamishia kwa flashi. Inajifungua, inajaa, halafu haitokei kitu."

"Maalim, ukurasa ule ulikupa draiva moja au zaidi?"

"Zaidi. Nilichukua ya juu."

Jibu lake lilitosha kunionesha pa kuanzia, na ningependa kila mwenye laptopu alifahamu jambo hili. Jina lililoandikwa kwenye kifuniko ni jina la familia nzima ya mashine, wala halisemi ni kadi gani iliyofungwa ndani ya ile uliyonayo. Kiwanda kinaweza kutia kadi ya Intel katika shehena moja, ya Realtek katika nyingine, na ya MediaTek katika ile inayofuata, huku zote zikiuzwa kwa jina moja. Ndiyo maana ukurasa wa kampuni huorodhesha draiva kadhaa za waifai kwa laptopu moja, zote zikiwa halali, na ni moja tu inayoifaa mashine iliyo mbele yako. Kwa hiyo anayestahili kuulizwa ni kadi yenyewe, na kadi hujibu hata ikiwa haina draiva.

Nilimwonesha namna ya kuiuliza. Nilibonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, nikaandika devmgmt.msc, na orodha ya vifaa vyote vya mashine ikafunguka. Chini ya vifaa visivyotambuliwa palikuwa na kidhibiti cha mtandao chenye alama ya manjano, na tulipokifungua tukakuta msimbo wa 28, ambao maana yake ni kwamba kifaa kimeonekana lakini hakijawekewa draiva. Msimbo wa 10 ungesema kwamba kifaa kimeshindwa kuanza, na wa 22 ungesema kwamba mtu amekizima kwa mkono. Hizo ni hadithi nyingine, zenye matibabu mengine. Kisha nikaingia katika kichupo cha maelezo, nikachagua vitambulisho vya kifaa, na mstari tuliokuwa tukiutafuta ukatokea: PCI\VEN_10EC&DEV_B852, ukifuatiwa na tarakimu nyingine.

Nilimsomea maalim mstari ule polepole, kwa sababu yeye ni mtu wa kufundisha na nilijua hatausahau. Herufi nne zinazofuata VEN hutaja aliyetengeneza chipu: 10EC ni Realtek, 8086 ni Intel, 14E4 ni Broadcom, 168C ni Atheros ambayo sasa iko chini ya Qualcomm, na 14C3 ni MediaTek. Zinazofuata DEV hutaja chipu yenyewe, na B852 chini ya Realtek ni RTL8852BE. Mbele zaidi kuna SUBSYS, ambayo tarakimu zake nne za mwisho hutaja kampuni iliyoagiza kadi, kama 103C kwa HP, 1028 kwa Dell na 17AA kwa Lenovo. Draiva ya juu aliyoipakua maalim ilikuwa ya Intel. Isingeweza kufanya kazi hata angeisakinisha mara ngapi.

Ili kupata intaneti ndani ya mashine isiyo na waifai, nilichomeka simu yangu ya Android kwa kebo ya USB na kuiruhusu igawe intaneti kupitia kebo. Windows huiona simu hiyo kama kadi ya mtandao wa waya, na draiva ya jambo hilo tayari imo ndani ya mfumo. Njia hii naipenda kuliko zote, kwa kuwa haihitaji kifaa ambacho mtu wa kijijini hana. Nilirudi katika ukurasa uleule wa kampuni, nikachukua draiva ya Realtek iliyoitaja RTL8852BE kwa jina, nikaisakinisha, na majina ya mitandao ya jirani yakajitokeza kabla hatujawasha mashine upya. Maalim aliupiga picha mstari wa kitambulisho ili aende nao skuli, ambako kuna mashine nyingine za aina hiyohiyo.

Saa 4:15

Dada mmoja anayeuza vitambaa alileta laptopu ambayo waifai ilizimika ghafla, bila ya mfumo kubadilishwa. Hali ya ndegeni ilikuwa imewashwa kwa kitufe cha kibodi. Niliizima, nikamwonesha kitufe chenyewe, na akarudi dukani kwake. Hapakuwa na cha kumtoza.

Saa 5:00

Fundi mwenzangu wa Mlandege, kule Unguja, alipiga simu akitaka ushauri kuhusu mteja aliyenunua kadi ya Intel AX201 ili kuiweka katika laptopu yenye prosesa ya AMD. Draiva inasakinika, alisema, lakini kadi haionekani popote. Nilimwambia asipoteze muda kwa draiva. AX201 ni kadi ya aina inayoitwa CNVi, ambayo sehemu ya kazi yake imo ndani ya chipu za Intel zilizoko kwenye bodi, kwa hiyo katika mashine ya AMD huwa nusu ya kifaa. Inayofaa hapo ni AX200 au AX210, ambazo hujitegemea na huzungumza na bodi kwa njia ya kawaida ya PCIe. Nikamkumbusha pia kwamba baadhi ya laptopu za zamani za HP na Lenovo zina orodha ya kadi zinazokubalika ndani ya BIOS, yaani programu ya bodi inayoiwasha mashine, na ukitia kadi isiyokuwemo, mashine hugoma kuwaka. Ni vyema kuyachunguza haya kabla mteja hajatoa fedha yake, kwa sababu kadi ikishanunuliwa na kusafirishwa kuvuka maji, kuirudisha ni shida.

Kutoka hapo hadi adhuhuri nilikuwa na kazi za kawaida za kubadilisha kioo na kibodi. Nilifunga duka kwa sala na chakula.

Saa 8:00 mchana

Kijana wa chuo alinisubiri barazani, na laptopu yake ilikuwa ya umri mkubwa kidogo. Ameiwekea Debian, mfumo wa jamii ya Linux unaotumika badala ya Windows, kwa sababu anasomea programu, na kwa mashine yenye kumbukumbu ndogo uamuzi huo naona ni wa busara.

"Shikamoo, fundi. Waifai haipo kabisa, na wenzangu wananiambia nirudi Windows."

"Marahaba, mwanangu. Huna haja ya kurudi. Fungua terminali kwanza."

Katika Linux, swali ni lilelile na amri yake ni fupi zaidi: lspci -nn kwa kadi iliyoko ndani, au lsusb kwa ile ya kuchomeka. Jibu lilikuwa Broadcom, 14e4:4365, ambayo ni BCM43142. Niliridhika kuiona namba hiyo, maana njia yake inajulikana. Kadi nyingi huendeshwa na draiva zilizomo ndani ya kerneli yenyewe, yaani kiini cha mfumo, na mara nyingi linalohitajika ni kerneli mpya ya kutosha: RTL8821CE, kwa mfano, iliingia katika toleo la 5.9, na ile RTL8852BE ya maalim iliingia katika 6.2. Kadi za Intel huhitaji pia faili la ziada linalopakiwa ndani ya chipu, na tangu Debian 12 ya mwaka 2023 mafaili ya namna hiyo huja pamoja na kisakinishi. Lakini BCM43142 haiendeshwi na draiva huria ya Broadcom iliyomo katika kerneli. Inahitaji draiva ya kampuni, ambayo Debian huiweka katika kifurushi cha broadcom-sta-dkms, nje ya hazina kuu.

Tulichomeka simu yake kwa kebo, nayo ikatambuliwa mara moja. Tukaongeza sehemu ya non-free, yaani ya programu zisizo huria, katika orodha ya vyanzo vya programu, tukasakinisha kwanza linux-headers, yaani mafaili ya kujengea draiva, zinazolingana na kerneli anayoitumia, kisha kifurushi chenyewe. Mpangilio huu una sababu: draiva hii hujengwa papo hapo juu ya mashine ya mtumiaji, na bila ya headers ujenzi hushindikana, pengine kwa ujumbe mdogo unaopita bila kuonekana. Ujenzi ulikamilika, lakini moduli, yaani draiva iliyojengwa, ikakataa kupakiwa. Kijana alinitazama kwa wasiwasi. Sababu ilikuwa ule ulinzi wa BIOS unaoitwa Secure Boot, ambao huzuia moduli isiyo na saini inayotambulika. Nilimweleza njia zote mbili: kuuzima ulinzi huo, jambo lililo jepesi, au kuisajili saini yake mwenyewe ili ulinzi ubaki. Alichagua ya pili. Tuliisajili saini kwa neno la siri alilolitunga, tukawasha mashine upya, akaithibitisha katika skrini ya buluu, na waifai ikawaka.

Nilimtaka arudie hatua zote kwa mdomo kabla ya kuondoka. Kerneli ikisasishwa, DKMS, programu inayosimamia ujenzi huo, huijenga draiva tena yenyewe, ilimradi headers mpya ziwepo, na nataka siku ikimtokea hitilafu ajue pa kutazama bila ya kunitafuta. Fundi aliye mbali na miji mikubwa hufurahi kuona wateja wake wanajiweza.

Saa 10:00

Baada ya sala ya alasiri nilifungua laptopu ya mvuvi mmoja wa Wesha ambaye hutunza ndani yake hesabu za chombo chake. Draiva ilikuwa sahihi, kadi ilitambulika bila alama yoyote, lakini mtandao ulionekana tu mashine ikiwa karibu kabisa na ruta. Dalili hiyo karibu kila mara huelekeza kwenye antena. Kadi ya waifai hupokea nyaya nyembamba zinazopanda hadi kwenye fremu ya kioo, na vichwa vyake hubanwa juu ya kadi kwa vifungo vidogo sana. Mmoja ulikuwa umechomoka na mwingine umeota kutu ya kijani, jambo la kutarajiwa kwa mashine inayokaa kwenye hewa ya chumvi. Nilizima umeme na kuchomoa betri, nikasafisha kwa pombe ya kusafishia vifaa, nikabana nyaya zote mbili mahali pake, na mtandao ukashika hadi nje ya duka.

Mvuvi huyo aliuliza pia kwa nini simu yake huona mitandao miwili ya ruta ya nyumbani na laptopu huona mmoja. Nilimwandikia netsh wlan show drivers katika dirisha la amri, nikamwonesha kwamba kadi yake ni ya 2.4 GHz pekee, na mtandao wa pili ni wa 5 GHz. Hakuna draiva itakayobadilisha hilo, kwani ni uwezo wa chuma chenyewe.

Saa 11:10 jioni

Kazi ya mwisho ni laptopu ya afisi moja ya Machomane ambayo mwenyewe anataka iwekewe Windows upya, huku waifai yake ikifanya kazi vizuri. Hii ndiyo nafasi bora kuliko zote, na ninasikitika kwamba wengi huipita. Kabla ya kufuta chochote nilichomeka flashi, nikafungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, nikatengeneza folda, na kuandika pnputil /export-driver * D:\draiva. Amri hiyo hunakili draiva zote zisizokuwa za Windows yenyewe, zikiwa tayari zimeshathibitika kwamba zinaifaa mashine hiyo. Zile programu zinazojitangaza kuwa hutafuta draiva za kila kompyuta huwa siziwekei wateja, kwa kuwa huchukua bando kubwa na baadhi yake huingiza vitu visivyoombwa. Folda hii haihitaji intaneti hata kidogo.

Windows mpya ilipokamilika, waifai haikuwepo, kama nilivyotarajia. Niliandika pnputil /add-driver D:\draiva\*.inf /subdirs /install, na orodha ikaanza kupita moja baada ya nyingine, ya sauti, ya kioo, ya waifai. Nikaunganisha na ruta ya duka ili kuhakikisha, nikaipa folda jina la mashine pamoja na kitambulisho cha kadi yake, na nikamkabidhi mwenyewe flashi hiyo pamoja na laptopu.