Kwa Nini Ninaanza na Spika

Fedha niliyoitenga kwa ajili ya muziki wa nyumbani inatosha kununua kifaa kimoja tu, na baada ya kulipima jambo hili kwa muda mrefu nimeamua kwamba nitanunua jozi ya spika. Amplifaya yangu ya wati 40 kwa kila upande, yaani kifaa kinachokuza mawimbi ya umeme ili kuendesha spika, itabaki ilipo.

Sababu ya kwanza ni kwamba spika ndiyo inayoharibu sauti kuliko kifaa kingine chochote. Amplifaya ya transista iliyotengenezwa vizuri, isipolazimishwa kupita uwezo wake, hupotosha mawimbi kwa kiasi kisichofika sehemu moja katika elfu. Spika ndogo inayopiga besi kwa nguvu hupotosha kwa asilimia kadhaa, na hata inapotumiwa kwa upole hukuza baadhi ya noti na kufifisha nyingine. Ndiyo maana wasikilizaji wengi hupata shida kutofautisha amplifaya mbili nzuri zilizofichwa nyuma ya pazia, ilhali spika zikibadilishwa, hata aliye jikoni atatambua.

Wengi hukimbilia amplifaya kubwa kwa sababu wanataka sauti kubwa, lakini hesabu haiwaungi mkono. Usikivu wa spika, yaani ukubwa wa sauti inayotoa kwa nguvu fulani, hupimwa kwa desibeli, kwa kuipa wati 1 na kuisikiliza umbali wa mita 1, na spika zangu za sasa zina desibeli 84. Nguvu ya amplifaya ikiongezwa maradufu, sauti hupanda kwa desibeli 3 tu. Kwa hiyo spika ya desibeli 90, ikiunganishwa na amplifaya hii hii ya wati 40, itatoa sauti ambayo spika zangu zingeifikia kwa wati 160, nami sidhani kwamba koili zake ndogo, yaani nyaya zilizozungushwa ndani ya spika zangu, zingestahimili joto la nguvu hiyo.

Usikivu mdogo, hata hivyo, si ubovu. Spika ya LS3/5A, iliyobuniwa na wahandisi wa BBC katika miaka ya 1970, ina takriban desibeli 83 tu, na bado inapendwa kwa jinsi inavyotoa sauti ya binadamu. Mwenye spika za namna hiyo asiziuze; yeye ndiye ninayeweza kumshauri aanze na amplifaya. Vivyo hivyo kwa mwenye spika ambazo ukinzani wake wa umeme, unaopimwa kwa omu, hushuka chini ya omu 4, kwa kuwa hudai mkondo mkubwa wa umeme, na amplifaya dhaifu inapozidiwa hukata vilele vya mawimbi, jambo linaloweza kuunguza twita, yaani kipaza sauti kidogo cha noti za juu ndani ya spika. Amplifaya inayovuma, au ambayo upande mmoja hupotea, ipelekwe kwanza kwa fundi, kwani mvumo mara nyingi hutokana na kapasita zilizochakaa, yaani vipuri vinavyohifadhi chaji ya umeme.

Mimi natafuta spika za omu 8 zenye desibeli 88 au zaidi. Nitakwenda dukani na amplifaya yangu mwenyewe, kwa sababu spika iliyosikilizwa kwenye amplifaya ya muuzaji haionyeshi itakavyokuwa sebuleni kwangu, na nitachukua rekodi ninazozijua vizuri: taarabu yenye udi na fidla, na dansi yenye gitaa la besi linalosikika wazi. Mwimbaji akisikika kana kwamba yumo ndani ya sanduku, nitaziacha spika hizo hata zikiwa na desibeli 95.