Kilomita 60 nikiwa mkiani

Jumamosi, saa 12 kasoro asubuhi, niliwakuta wenzangu wa kundi la baiskeli wameshakusanyika, taa nyekundu za nyuma zikiwakawaka gizani, wengine wameinama wakibonyeza matairi kwa vidole gumba. Mimi yangu nilikuwa nimeyajaza tangu usiku, kwa hiyo nilisimama pembeni kama mwanafunzi aliyemaliza mtihani mapema. Mzee mmoja mwenye soksi zisizofanana, moja nyeusi na nyingine ya njano, aliitikia shikamoo yangu huku kidole chake kishafika kwenye tairi langu la nyuma. Akaguna.

"Ngapi hii?"

"Upepo PSI 110, mzee. Ndivyo ilivyoandikwa ubavuni."

"Hapo wameandika kikomo cha tairi, hawakuandika uzito wako. Ukienda hivi kila kokoto litakurusha." Akabonyeza valvu, upepo ukatoka kwa mluzi, akawa anasikiliza hadi akaridhika. Tukaondoka na 70.

Tulikuwa watu 14. Kiongozi wa safari, dada mmoja asiye na maneno mengi, alitaja kanuni zake kwa pumzi moja: tunakwenda wawili wawili, wanaovuta mbele, yaani kuwakatia wenzao upepo, wanavuta dakika tano kisha wanapisha, gurudumu lako la mbele lisiingie ubavuni mwa gurudumu la nyuma la mwenzio, hakuna anayeachwa, mzee anafunga mkia. "Na ukiona shimo," akamalizia, "usilinyamazie."

Hiyo ya shimo niliidharau. Kilomita za mwanzo nilidhani nimejiunga na watu wenye makelele. "Shimo!" "Mchanga!" "Gari nyuma!" "Taratibu!" Neno linatoka mbele, kila jozi inalirudia, linapita juu ya vichwa mpaka mkiani, na mikono nayo inasema: kidole kinaelekeza chini upande wa shimo, kiganja kinashuka maana yake tunapunguza mwendo. Nilielewa nilipofika katikati ya kundi. Humo huoni barabara. Unaona mgongo wa mtu na kipande cha lami chenye urefu wa mkeka. Macho yako yako kwa aliye mbele, naye kayaazima kwa wa mbele yake.

Ila raha ya humo ndani, acha tu! Upepo una hesabu ngumu: ukiongeza mwendo mara mbili, wenyewe unakukaba mara nne. Anayekaa nyuma ya mwenzake kwa karibu, kwenye kivuli cha upepo, anaokoa kama robo ya nguvu zake, wakati mwingine hata theluthi. Nilikuwa nakanyaga pedali kama mtu anayetembea kwenda kuchota maji, na kipima mwendo kinaniambia tuko kilomita 30 kwa saa. Nikaamini kwamba ni nguvu za miguu yangu.

Zamu yangu ya kuvuta ilipofika nikafanya kosa ambalo, kwa nilivyoambiwa baadaye, kila mgeni hulifanya. Nilipofika mbele nikaongeza mwendo. Si kwa makusudi. Ile sifa tu ya kuwa na watu 12 nyuma yako. Dakika mbili hivi nikasikia kiongozi akipiga kelele, nikageuka, kundi lilikuwa limekatika vipande vitatu na mwenzangu wa pembeni ananitazama kama mwizi. "Ukifika mbele," aliniambia, "mwendo ni uleule ulioukuta. Jasho litaongezeka lenyewe."

Kilomita ya 38 nikalipia. Nilikuwa sijala chochote tangu kuamka, na sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli haizidi saa moja na nusu au mbili za kukanyaga kwa bidii. Inapoisha hakuna onyo. Mapaja yalikuwa mazima, mapafu mazima, lakini baiskeli ikawa nzito kana kwamba breki imeshika. Nikainama kuangalia kama imeshika kweli. Haikushika. Wenzangu wakanipita wawili wawili, kila mmoja akiuliza "Vipi?" nami nikijibu "Poa", mpaka akabaki mzee.

Hakuuliza. Alitoa kitu kitamu mfukoni mwa mgongoni, akakifungua kwa meno, akanipa. Kilima kilipoanza nikahisi kiganja katikati ya mabega yangu, kimetulia kama kimewekwa hapo na daktari, kikinisukuma. Mkono mmoja kwangu, mwingine kwenye usukani wake, naye ana miaka inayonizidi si chini ya 20. Juu ya kilima walikuwa wametusubiri wote, wamesimama nje kabisa ya barabara, na hakuna aliyesema neno. Ningependa wangenitania kidogo, ingekuwa nafuu.

Pancha haikuwa yangu, namshukuru Mungu. Ilikuwa ya kijana mwenye baiskeli nyepesi kuliko zote, ile ukiinyanyua unadhani umenyanyua picha yake. Alibadilisha tyubu kwa haraka ya kupendeza, tukapanda, na baada ya kilomita mbili tairi lilelile likalala tena. Hapo mzee akashuka, akaomba gurudumu. Aliijaza tyubu upepo akaipitisha karibu na midomo. Anasema mdomo unahisi pumzi ambayo kidole hakiihisi. Alipopata tundu, akailaza tyubu kando ya tairi, valvu ikielekea palepale ilipokuwa, akajua mahali pa kutafuta. Akapitisha ncha za vidole ndani ya tairi polepole, akasimama. Kwa kucha akachomoa kipande cha waya chembamba, kifupi kuliko punje ya mchele, kama zile nyaya zinazotawanywa na matairi ya malori yanapopasuka.

"Wewe umemfukuza mgonjwa, ugonjwa umeubakiza," akamwambia kijana.

Tyubu ya akiba haikuwepo tena, ikabidi kuziba. Akakwaruza mpira kwa msasa, akapaka gundi nyembamba, kisha akakaa kitako akisubiri ipoteze mng'ao. Huku akisubiri akatusimulia habari za John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo wa Belfast, aliyemtengenezea mwanawe matairi ya upepo ili baiskeli yake ya magurudumu matatu isimtikise, akayasajili mwaka 1888. Hati yenyewe ilikuja kutenguliwa kwa sababu Mskoti mwenzake, Robert Thomson, alikuwa amesajili wazo hilohilo miaka ya 1840. "Kwa hiyo hata wa kumlaumu kwa pancha hatuna uhakika naye," akasema, akabandika kiraka na kukikandamiza kwa gumba mpaka kucha ikawa nyeupe.

Kituo cha kahawa kilikuwa kilomita kumi kabla ya mwisho, na hapo ndipo niligundua kwamba nusu ya hawa watu hawaji kwa ajili ya baiskeli. Hakuna aliyezitaja. Mmoja alikuwa anauguza mama yake, mwingine ameanza kazi mpya na haipendi, dada kiongozi alicheka hadi machozi kwa jambo ambalo sikulielewa. Tulikaa muda mrefu kuliko miguu ilivyoruhusu. Kuinuka kulikuwa adhabu.

Wiki mbili baadaye wakanialika jioni moja ya kukaa pamoja tu, bila kupanda baiskeli. Nilifika nikadhani nimekosea mlango. Watu wale nilikuwa nimewakariri kwa migongo na helmeti. Sasa wako na mashati, nywele, watoto mapajani, na sikumtambua hata mmoja. Nilikuwa nimeshaanza kurudi nyuma nilipoona, chini ya meza ya pembeni, soksi moja nyeusi na nyingine ya njano.

Mwenyewe aliinua macho.

"Ngapi siku hizi?"

"Sabini, mzee."

Akanisogezea kiti.