Akala za keyateka

Machi 2020 nilikuwa nahudumia wateja mezani katika hoteli moja hapa Nairobi. Kisa cha kwanza cha korona kilitangazwa tarehe 13, na kabla mwezi kuisha meneja akatuita jikoni, akasema twende nyumbani tungoje simu. Barua hakuna. Hiyo simu naingoja mpaka leo.

Kodi yangu Kayole ilikuwa shilingi 4,500. Aprili nililipa, Mei nikaomba muda. Kurudi ushago, kijijini kwetu, nako hakuwezekani, Nairobi ilikuwa imefungwa. Serikali inasema kaa nyumbani, mwenye ploti anasema toka. Sasa nikae wapi?

Njaa niliizoea, jamani. Kilichonimaliza ni nyayo za keyateka, yule mtunza ploti anayemdaia mwenye ploti kodi. Alivaa akala, vile viatu vya tairi, zinakwaruza saruji: kwaru, kwaru. Nikizisikia nazima taa, nanyamazisha simu, nabana pumzi kama mwizi. Jirani yangu alikuwa ameshang'olewa mlango, akatundika leso. Usingizi ukanitoroka kabisa.

Moyo ulipoanza kunienda mbio nikadhani ndiyo korona yenyewe. Zahanati wakanipima joto, liko sawa. Nesi akaniangalia: "Unalala, dada?" Nikaangua kilio pale pale, barakoa ikalowa mpaka ikanigandia puani.

Julai barabara zilipofunguliwa nikahama na godoro na sufuria mbili. Siku hizi nina kazi, kodi nalipa mapema. Ila mtu akipita nje na akala, mkono bado unakimbilia swichi.